Nilivyoombewa Miguu Kawangware

Watu wangu, leo nimeaibika. Tena kwa spika.

Wacha niwaeleze polepole. Saa hii nimelala, miguu iko juu ya mito, na kidole cha kuandikia ndicho kiungo pekee ambacho hakiniumi.

Kwa wale hawanijui, mimi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha hapa Sarang'ombe, Kibera. Nina mke mmoja, Nekesa, na tumbo moja ambalo lilikuwa limeanza kuingia kwa nyumba kabla yangu. Ndiyo maana nikajiunga na kikundi cha kukimbia cha mtaa. Hatuna mambo mengi. Tunakutana asubuhi, tunakimbia kidogo, tunatembea kidogo, tunarudi kunywa chai.

Kiongozi wetu ni Akinyi, anauza viatu vya mitumba. Akinyi ana sheria zake. "Kila wiki ongeza kidogo tu. Na ukikimbia uwe bado unaweza kupiga stori. Ukianza kujibu watu kwa kichwa, punguza mwendo."

Nimefuata sheria hiyo vizuri kabisa. Shida ilianza jana. Nilikuwa narudi kutoka mazoezi, nikapita karibu na Wafula, jirani yangu wa karakana. Akaweka nyundo chini, akaniangalia hadi nikamfikia.

"Fundi, wewe hukimbii," akasema. "Wewe unatembea na hasira."

Karakana yote ikacheka. Na mimi nikacheka. (Kwa nje.)

Leo asubuhi Akinyi akatangaza, "Tunaenda hadi Olympic hapa karibu, tunarudi."

Nikasema, "Nyinyi endeni. Mimi naenda Kawangware, hadi steji ya matatu ya 46."

"Kawangware? Wewe Olympic yenyewe hujawahi kufika bila kushika ukuta!"

"Leo naongeza kidogo."

"Fundi, hiyo si kuongeza kidogo. Hiyo ni kuhama."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimevaa kaptula mpya, ile fupi ya wakimbiaji, yenye mpasuo pembeni. Aliyeniuzia alisema ndiyo wanavaa mabingwa wenyewe. (Hakusema mabingwa wana mapaja ya aina gani.) Nikachomoka.

Na mwanzo ulikuwa mtamu, si uongo. Ngong Road nilikuwa napungia mabawabu mkono kama mtu anaomba kura. Upepo unapita kwa kaptula, roho safi. Nikajiuliza Akinyi anatunyimaga hii raha kwa nini.

Kufika Dagoretti Corner, mteja wangu mmoja akaniona. "Fundi, sasa! Mlango wangu uko tayari?"

Nikamjibu kwa kichwa.

(Ndiyo, najua. Hata mimi nilikumbuka. Lakini kiburi hakina breki.)

Nikaingia Naivasha Road. Hapo ndipo mwili uliacha kunisikiza. Kifua kinawaka, viatu vimekuwa vizito kama nimevichomelea vyuma. Mama mmoja aliyebeba gunia la sukuma wiki mgongoni akanipita. Akitembea. Akageuka, akaniambia kwa huruma, "Pole baba, jikaze."

Nikajikaza. Nilitaka kitu kimoja tu: kufika 46, nipige picha, nimtumie Wafula. Kwa mbali nikaanza kuona vibanda vya 46 vyenyewe. Lakini kabla ya kufika, kulikuwa na mkutano wa injili kando ya barabara. Viti vya plastiki, kwaya, spika mbili kubwa kama kabati, na pasta mwenye suti ya rangi ya maziwa. Watu walikuwa wamejaa hadi njia imebaki nyembamba. Nikasema nitapita upesi kama sijaona kitu.

Pasta alikuwa amefumba macho. Akasema kwa maikrofoni, "Kuna mtu hapa ana shida ya miguu..."

Wallahi sijui hiyo saa ilipangwa na nani. Msuli wa mguu wa kulia ukakaza. Ukawa jiwe. Wa kushoto ukaona wivu, nao ukakaza. Nikaanguka chini, mbele kabisa, kati ya kwaya na kikapu cha sadaka.

"Uwiii! Mguu wangu!"

"Haleluyaaa!" watu wakajibu.

"Ameitika!" pasta akasema. "Akina mama, mshikeni!"

Akina mama wa kanisa wakanizunguka, vitambaa vyeupe kichwani. Mmoja akapiga magoti, akashika mguu wangu kwa mikono miwili na kuanza kuomba, macho amefunga kabisa. Nikainua kichwa nimwangalie.

Mama mkwe wangu.

Acheni niwaeleze, kwa sababu kuna wengine hamtaelewa uzito wake. Sisi Waluhya, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata mkono hatupeani. Tangu nimuoe Nekesa, mama yake namsalimia nikiwa upande ule mwingine wa meza, nimeinamisha kichwa, shati limefungwa hadi kwa shingo. Nilijua anaishi Kawangware. Nilijua ni mtu wa kanisa. Lakini Kawangware ni kubwa! Na sasa huyo mama niliyemheshimu miaka yote ameshika mguu wangu, na mimi niko kwa hiyo kaptula.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimeniokoa: hakuwa amenitambua. Uso wangu ulikuwa jasho na vumbi, na yeye macho yake yalikuwa yamefungwa. Nikaamua kutoroka. Kusimama siwezi, kwa hivyo nikafunika uso na mkono mmoja, nikaanza kutambaa na ule mwingine.

"Anatoroka!" pasta akapiga kelele. "Pepo wa kulemaza miguu hataki kuguswa! Mshikeni!"

Wakanishika. Nikajivuta. Wakanishika zaidi. Mama mkwe ana nguvu, jameni! Ngoma ikaongezwa. Vile nilizidi kutambaa, ndivyo pasta alizidi kufurahi.

Nikanong'ona, "Mama, niachilie. Ni mimi."

"Wewe nani?" akafoka, macho bado amefunga. "Taja jina lako!"

"Si pepo, mama. Ni mimi. Bwana ya Nekesa."

Akafungua macho. Akaangalia uso wangu. Akaangalia kaptula. Akaangalia mbinguni.

"Yesu!"

(Hayo hayakuwa maombi.)

Akaachilia mguu wangu kama sufuria ya moto. Lakini wakati akiomba alikuwa amesukuma vidole vyangu kuelekea juu, na msuli ulikuwa umeshalegea, na wa mguu mwingine nao. Nikaona nafasi, nikasimama.

Kosa! Watu walilipuka. Vigelegele, makofi, kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa. Pasta akashuka akaniwekea maikrofoni mdomoni.

"Ndugu, umekuwa na shida hii kwa muda gani?"

Nikaangalia umati. Wako hapo, nyuso zimejaa furaha. Ningesema "miaka mingi", ningeenda nyumbani shujaa. Lakini kando yangu alikuwa mama mkwe, amenipa mgongo, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mtu anaweza kudanganya Kawangware yote. Hawezi kudanganya huo mgongo.

"Tangu hapo nilipoanguka, pasta."

"Hapo tu? Kabla ya hapo ulikuwa unatembea vizuri?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Nakimbia tu."

"Nani alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna."

Mtu huko nyuma akasema, "Mtu mzima!"

"Umetoka wapi, ndugu?" pasta akauliza, sasa kwa upole sana.

"Kibera."

"Kibera! Na hakuna mtu anakufukuza!"

Kicheko kikaanzia kwa kwaya, kikasambaa hadi kwa wauza viazi ng'ambo ya barabara. Hata pasta alishindwa, akainama akashika magoti. Nikasimama hapo na kaptula yangu. Ningekuwa na nguvu ya kukimbia tena, ningekimbia.

Lakini watu wa Kawangware wana roho. Walinikalisha kwa kiti cha plastiki nyuma ya spika. Mama mkwe akavua leso yake ya kiunoni, akampa mama mwingine anipelekee, nikajifunga hadi kwa vifundo. Kisha akakaa karibu, mgongo umenielekea, na mazungumzo yakapitia kwa yule mama aliyekuwa katikati yetu.

"Mwambie mkwe wangu anywe maji."

"Mama anasema unywe maji."

"Mwambie nimeshukuru sana."

"Muulize kama amekosana na binti yangu."

"Mwambie hapana, mama, ni mazoezi tu. Nilitaka kufika mbali."

Mama mkwe akarekebisha kitambaa chake kichwani.

"Muulize hiyo kazi yake ya vyuma, haimchoshi?"

Nikaona mabega yake yakitingika. Mama mkwe alikuwa anacheka. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akicheka nikiwa karibu. Nikacheka na mimi, msuli wa tumbo nao ukakaza.

Nilirudi Kibera kwa bodaboda, nimekaa upande kama bibi harusi, leso inapepea. Akinyi alikuwa amesimama mbele ya duka lake. Hakucheka. Alichuchumaa, akaminya mguu wangu, nikalia.

"Utapumzika hadi uchungu uishe," akasema. "Halafu utaanzia pale ulikuwa, si pale ulitaka kuwa."

Nyumbani nikamkuta Nekesa mlangoni na simu sikioni, machozi yanamtoka kwa kucheka. Habari ilikuwa imefika kabla ya bodaboda.

"Mama amekusamehe," akaniambia. "Anasema alikuwa amefunga macho, kwa hivyo hakuona kitu. Lakini siku nyingine ukitaka kumtembelea, anaomba uende ukitembea."

Picha ya 46 sikupiga. Nilisahau kabisa.

Basi nawaomba kitu kimoja tu: wiki hii ukinipata mahali nashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya mapaja, nisalimie na upite.