Mbuzi, Kaa, Kuna Nazi Mbili

Ndugu Mhariri wa jarida letu la Waswahili wa Thamesmead, hapa ughaibuni, pamoja na huyo anayekusaidia kusoma kabla ya kuchapa, kama yupo,

Mimi ni Norbert wa ghorofa ya nne, yule aliyewahi kupikia meli nzima ya Wagiriki kwa sufuria moja. Shule niliiachia darasa la sita, maana walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Kwa hiyo kusoma najua. Ninalalamikia mapishi ya Bi Varsha mliyotoa juzi, ya kuku wa nazi wa Mangalore, pwani ya kusini ya India. Bi Varsha ni mzaliwa wa Tanga, namheshimu sana. Lakini mapishi yake yanavunja ndoa ambayo hata haijafungwa.

Mpwa wangu Adventina anaolewa na Roshan, ambaye kwao ni hukohuko Mangalore. Jumapili mama yake, Mama Lavina, alikuja kuutazama ukoo wetu. Nikatangaza kwamba jikoni naingia mwenyewe, nitampikia chakula cha kwao mpaka asahau basi la kurudi Stratford. Yaliyonipata ni haya:

1. Mmeandika: "Tafuta mbuzi, kaa, kuna nazi mbili." Nikatafuta. Mbuzi nilimpata kwa Msomali, kaa kwa Wachina, na nazi kweli zilikuwepo, mbili. Nazi nikasaga kwa blenda nikakamua tui la kwanza, nikaongeza maji nikakamua la pili. Nyama zote zikaingia sufuriani pamoja na kuku. Mke wangu Dativa alirudi kazini mgeni akiwa tayari mezani. Akachungulia sufuria, akashika ukuta kwa kucheka: "Baba Koku! Mbuzi ni kile kibao chenye meno. Wewe *ukae* juu yake, *ukune* nazi!" Ndugu Mhariri, mimi ni mtu wa Bukoba. Tumekuzwa na ndizi. Kwetu mbuzi ana miguu minne na hatumkalii.

2. Pilipili kavu mmesema zikaangwe bila mafuta "mpaka zinukie". Zinukie wapi? Zangu zilinukia hadi kituo cha basi. Alamu ya moshi ikalia, jirani yangu Njenga akatoka na kaptura, akapiga kelele kwenye ngazi: "Wewe Norbert, unapika ama unafukuza wapangaji?" Nilitaka kumjibu, nikakohoa.

3. Hili ndilo baya zaidi. Mnasema tui la pili litiwe mwanzo, tui la kwanza litiwe mwisho. Nikajua mashine yenu ya kuchapa imekosea, nikawasahihishia bure: la kwanza nikalitia kwanza. Likakatika, mabongemabonge. Maneno ya wa kwanza kuwa wa mwisho mwachieni padri, yeye hapikii wakwe. La sivyo kesho mtatuambia mshahara hulipwa kabla ya kazi, na mtoto humzaa babu.

4. Mama Lavina alikula huku machozi yanamtiririka. Adventina, mtoto wa hapahapa, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini kaa anamkodolea macho. Mgeni akaaga upesi, hakusema chakula ni kizuri wala kibaya. Tangu hapo Adventina hanisalimii. Harusi ikifa, mtamtafutia nyinyi mume?

Kwa hayo naomba masahihisho ukurasa wa mbele, jina langu kwa herufi kubwa. Kibao cha nazi kipewe jina la mnyama asiyeliwa. Tui la kwanza liitwe la mwisho. Na Bi Varsha ahamishiwe matangazo ya vyumba vya kupanga mpaka Kiswahili chake kitulie.

Nisalimieni wote hapo ofisini, na Bi Varsha mwenyewe na mumewe, sina kinyongo nao.

Ni mimi msomaji wenu, niliyeungua ulimi na heshima,
Norbert

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Roshan amepiga simu. Kumbe mama yake aliwahi nyumbani ili ampigie simu dada yake aliyeko Mangalore. Anasema mchuzi kama ule hajaula maishani, na mchuzi huo usipokuwepo harusini, naye hatakuwepo. Nimemjibu kuwa ni siri ya ukoo wetu. Ndugu Mhariri, nakusihi, usisahihishe hata nukta. Jarida langu limelowa tui halisomeki. Nitumieni jingine, lenye makosa yaleyale.