Mstari Mwekundu Kwenye Mkataba wa Mbao

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Shule niliacha darasa la nne, na leo nina yadi ya mbao Arua, nyumba Mvara, na madereva wa malori kule mpakani Vurra wananijua kwa jina. Lakini leo nimeumbuka.

Asubuhi Mama Keji, mweka hazina wa kanisa moja Koboko, amenitumia mkataba wa mbao za paa. Ni PDF. Ukiigusa inafunguka kwenye brauza ya simu, na juu iko kalamu ya kuchorea. Akaandika: "Mzee, weka alama zako, utume."

Binti yangu Brenda akasema, "Baba, leta nikuonyeshe."

"Alama nimeanza kuweka kabla hujazaliwa."

Nikachagua nyekundu (mtu mkubwa hatumii kijani). Sasa, kwenye yadi yangu, mbao ikiwa nzuri tunaipiga mstari katikati kwa chaki: imepita, pakia. Mbaya tunaiacha ilivyo. Basi, "Kanisa litalipa lori": nzuri, mstari. "Kanisa litalipa wapakuzi": mstari. Bei ya mbao walikuwa wameibana mno. Mbaya hiyo. Nikaiacha safi, waone aibu wenyewe. Nikasaini kwa kidole, nikatuma.

Jibu likaja haraka: "Tumekubali yote. Mungu akubariki."

Nikamwambia Brenda, "Umeona biashara?"

Saa nane nimefika Koboko na lori. Kina mama wa kanisa wako getini wanaimba. Nikadhani wanasubiri mgeni. (Mgeni ni mimi.) Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akaniombea mbele ya wote, akachukua muda wake. Nikaitika amina, tena kwa sauti. Ndipo nikamwuliza Mama Keji polepole, "Na pesa ya lori?"

Akafungua simu. "Lakini Mzee, si iko hapa? Lori umekata. Wapakuzi umekata. Bei yetu hukugusa. Nikaambia kamati, huyu mutu ya Arua iko na roho."

"Mama, huo mstari maana yake ni nzuri."

"Nzuri sana, Mzee."

Mama mmoja nyuma akauliza, "Na mabati, hauzi?"

Mtu akishaombewa hadharani, atadai kwa mdomo gani? Nimewalipa wapakuzi, nimepanda lori, nimerudi Arua.

Msinicheke. Lori, wapakuzi na ile bei ya kunikaba: sadaka yangu ya leo ni shilingi elfu mia saba na sitini.