Ombi la Kurudia Harusi kwa Sababu ya Picha

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi,
ambaye pia ni dada yangu mkubwa

Dada Mwenyekiti,

Shikamoo. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mimi.

Najua kamati ilivunjwa wiki tatu zilizopita, tukanywa chai ya kuagana na ukatupongeza wote, hata mjumbe wa viti ambaye viti vyake vilichelewa. Naomba uikusanye tena. Mimi niliyekuwa mjumbe wa picha, na ambaye, kama utakumbuka, ndiye baba wa bibi harusi, naleta malalamiko dhidi ya mpiga picha niliyemchagua mwenyewe.

Nilimchagua kwa makini. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha sabuni, na mche uliopinda haujawahi kunipita. Nikawasaili watatu sebuleni kwangu, kwa fomu yenye maswali ishirini na mawili. Wa kwanza alicheka kila nilipouliza, na fomu haikuwa na sehemu ya kucheka. Wa pili, mwanamke mwenye sifa nyingi, aliyasoma masharti yangu akasema kwa adabu kwamba kama mzee anayajua yote hayo, basi apige mwenyewe. Nikamkata alama. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo asiye na maneno, ambaye hapa nyumbani tunamwita Bwana Kimya. Kila sharti nililomsomea alijibu, "Sawa, mzee." Nikampa alama zote. Mke wangu alitaka tumchukue yule mwanamke; nikamwambia ukaguzi si kazi ya kila mtu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Albamu ina picha mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili. Shemeji yangu, yaani mume wako, yumo kwenye thelathini, na katika tisa anatafuna. Viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani vina picha nne. Kuna bwana mwenye suti ya kijivu asiyejulikana upande wetu wala wa wakwe, naye ana kumi na moja, zote nzuri. Baba wa bibi harusi hana hata moja. Katika picha ya themanini na saba kuna kiwiko, na mke wangu amethibitisha kuwa ni changu.

2. Mpiga picha alinitii. Sharti la kwanza lilisema asibonyeze kitu kabla sijasimama nyuma ya bega lake la kulia nikaona anachokiona. Akatii tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa nauliza, Mwenyekiti: mtu mwenye ujuzi wake, anayeona wazi kwamba baba mtu anazurura nyuma ya kamera siku nzima, anashindwaje kunifukuza? Fundi mzuri huasi mara moja moja. Huyu hakuasi, na aliyeumia ni mimi.

3. Bibi harusi haangalii kamera. Hili ni kosa la kiufundi kabisa. Nimezipitia picha zote kwa ile lenzi ya kukuzia niliyopewa kazini nilipostaafu, nikapata mia moja na sitini ambazo macho yake yamekwenda pembeni kidogo, juu ya bega la mpiga picha, na mara nyingi anacheka. Kiwandani, mzigo wenye dosari kiasi hicho tungeurudisha wote.

4. Ile picha ya familia kwenye ngazi za ukumbi. Nilikuwa nawapanga kwa urefu. Wewe mwenyewe nilikusogeza mara tatu, ukaniangalia kama ulivyoniangalia siku nilipovunja redio ya baba. Mke wangu akaniita nije nisimame. Nikasema ngojeni kwanza, mstari umepinda. Mara jua likaanza kuingia mawinguni, nikamwambia Bwana Kimya apige haraka kabla mwanga haujapotea. Akasema sawa, mzee. Katika picha hiyo, kati ya mke wangu na binti yangu kuna nafasi. Nimeipima kwa rula na kupiga hesabu: ni upana wangu mimi, nikiwa na koti. Hakuna aliyejisogeza kuiziba. Hili limenichoma, sitaki kuficha.

5. Heshima yangu. Picha hiyo tumeitundika sebuleni. Jirani aliyehamia juzi aliitazama, akamshika mke wangu mkono, akampa pole kwa kuondokewa na mume. Wakati huo nilikuwa jikoni nachemsha maji. Mke wangu alishukuru, hakusahihisha.

Kwa hayo yote, naomba kamati iamue harusi irudiwe. Sitaki makubwa. Wageni wote waje na nguo zilezile, na wasiwe wamenenepa. Keki iletwe ikiwa imeshakatwa. Yule wa viti achelewe tena kwa muda uleule, ili picha zifanane. Bwana wa suti ya kijivu atafutwe popote alipo. Bwana harusi amrudishe binti yangu siku ya Ijumaa, bila kinyongo, alale chumbani kwake. Mama yake anataka kuweka cherehani mle, lakini ufunguo ninao mimi. Jumamosi aondoke tena. Aondoke polepole. Maana mara ya kwanza, Dada, gari lilipowashwa nilikuwa namwelekeza Bwana Kimya asimame wapi ili jua lisimpige usoni, na nilipogeuka lilikuwa limeshatoka getini. Sikumuaga. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine nimeyaandika kujaza karatasi.

Nisalimie shemeji, umwambie apunguze kutafuna mbele za watu. Wasalimie watoto na wajumbe wote, hata wa viti. Nasubiri uamuzi wa kikao, na suti nimeshaipiga pasi.

Mtiifu kwenye kamati, mbishi nyumbani,

Mdogo wako,
Mjumbe wa Picha

Baada ya sahihi: Nilipokuwa natafuta bahasha ya kutia barua hii, niliikung'uta ile iliyoleta albamu, ikaanguka picha moja iliyokuwa imenasa chini. Nyuma yake Bwana Kimya ameandika, "Mzee, hii ulinikataza." Ni kweli, sharti la kumi na mbili lilikataza vioo. Imepigwa katika chumba alichovalia binti yangu, mbele ya kile kioo kikubwa. Yeye amekaa, shela bado halijafungwa. Nyuma ya bega la mpiga picha nimesimama mimi, kidole juu, naonyesha mkunjo kwenye pazia, na machozi yananitiririka, jambo ambalo siku ile niliwaambia wote kuwa ni vumbi. Binti yangu haangalii kamera. Ananiangalia mimi humo kiooni, anacheka.

Nimechukua lenzi nikazirudia zile mia moja na sitini. Bega ni lilelile.

Lalamiko la tatu nalifuta. La kwanza nalo, na la pili, na mengine utakayoona hayana maana. Wageni wanenepe watakavyo, na yule wa suti ya kijivu nimemsamehe. Ila ile Ijumaa isifutwe. Aje tu, bila shela na bila mpiga picha. Akiondoka nitakuwa getini.