Kigingi Nilichokihamisha

Jumatatu, 4 Machi
Meneja wa mgodi ametupa kazi. Tuchimbe visima vya majaribio juu ya eneo jipya la makaa ya mawe, tupime mwamba una maji kiasi gani kabla wachimbaji hawajafika chini yake. Maji yakiwashukia ghafla hawana pa kukimbilia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mmoja wao. Kisima changu kimepangwa kileleni mwa kilima. Aliyepanga ni Miwani, mwenzangu wa ofisini, anayenionea wivu. Kilima chenyewe kimesimama kama ukuta. Nitatumia akili.

Jumanne, 5 Machi
Nimehamisha kigingi kinachoonyesha pa kuchimba. Sasa kiko bondeni, kando ya barabara. Fundi wa mtambo aliuliza kama Miwani anajua. Nikamwambia tumeelewana. Tumeelewana kweli, ila kuhusu mambo mengine.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mtambo umetoboa mwamba wenye nyufa, maji yakaruka, yakanilowesha kuanzia kofia hadi soksi. Pampu imevuta mchana kutwa, maji hayapungui. Miwani akaja. Akatazama kigingi, akatazama kilima, akanitazama mimi. Nikajua kazi sina. Akaniambia nikabadili nguo nisije nikaugua, kisha akampigia meneja simu: wachimbaji watolewe upande ule leo hii.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi dari la handaki la upande ule limeporomoka. Njia nzima imejaa maji. Ndani hakukuwa na mtu.

Shemeji amekuja nyumbani na nguo zake za kazi. Akanishika mkono, hakuuachia. Akasema, “Shemeji, mimi ningekuwa pale pale.” Mke wangu akaingia jikoni ili asilie mbele yetu. Nami nikajifanya nakohoa.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani amewaambia wote kwamba kisima kilichookoa watu ni changu. Kigingi hakukitaja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kule kilimani tungekuta mwamba mkavu, naye angeandika kwa mkono wake kwamba ni salama. Tushukuru Mungu, akasema, na nisihamishe tena vigingi. Nimemshukuru kwa moyo wote. Kumbe ana uso mzuri.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari sana. Ni wazi nina kipaji. Kesho nitamweleza meneja kwamba maji nayasikia kwa nyayo, pampu ni usumbufu tu, na kwamba meza ya Miwani, ile ya dirishani, inanifaa mimi. Miwani hatachukia. Nitamshukuru vizuri.