Madume ya Nainokanoka Yakamuliwe

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Ofisi ya Utambuzi wa Mifugo kwa Namba, yenye makao yake Karatu mjini juu ya duka la vipuri, iliwatangazia wananchi kwamba ng'ombe wamefutwa. Wasiwe na hofu. Ng'ombe wenyewe wangebaki malishoni. Kilichofutwa ni mazoea ya kuwaita dume, jike na maksai. Kuanzia siku hiyo kila ng'ombe angekuwa namba, namba zingelishwa kwenye mashine, na mashine ingeamua nani ahasiwe, nani akamuliwe na nani avute jembe, bila upendeleo wala chai.

Tangazo lilitiwa saini na Bwana Nehemia, Mratibu Mkuu. Aliyelichapa ni Selestina, binti wa wakulima wa Baray na karani pekee wa ofisi ile. Watumishi wengine saba walikuwa waratibu.

Selestina alikuwa amewaeleza waratibu mara tatu kwamba mashine haijui dume ni nini. Inajua namba tu. Walipoifundisha kwa ng'ombe wa mnada wa Karatu, aliyetajwa kwanza alikuwa dume, akapewa moja; jike akawa mbili, maksai tatu. Mashine ikashika somo: moja ahasiwe, mbili akamuliwe, tatu avute jembe. Waratibu waliitikia kwa vichwa na kuuliza chai iko wapi.

Kisha ikaja orodha ya Nainokanoka.

"Hiyo ni kata inayojitegemea," alisema Bwana Nehemia. "Ianze na moja yake."

Bahati mbaya orodha ya huko ilianza na jike, kwa sababu ndiye atokaye bomani kwanza. Jike akawa moja, dume mbili, ndama tatu. Selestina alipinga, akaambiwa achape. Akachapa.

Baada ya wiki moja alifika ofisini Mzee Lesiamon, mfugaji wa Nainokanoka, ameishika barua ya ofisi kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nisomee tena hapa. Huenda kijana wangu hakusoma vizuri."

Selestina akasoma. "'Majike yote mia mbili na kumi na manne yahasiwe. Madume yote tisa yakamuliwe asubuhi na jioni. Ndama wote sitini na watatu wavute jembe.'"

"Basi alisoma vizuri," alisema mzee. "Dume moja tumejaribu. Moringe, kijana aliyelikamua, bado yuko zahanati." Akaikunja barua taratibu. "Ila ndama wanakufa. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, imeshachukua kumi na mmoja. Daktari Isaya wa mifugo anayo chanjo, lakini anasema mashine haijamruhusu kuitoa. Imesema jembe."

Selestina aliona jina lake chini ya barua, kwenye 'imechapwa na', akatamani sakafu ipasuke. Akaingia kwa Mratibu Mkuu bila kubisha hodi.

"Bosi, moja ya Karatu siyo moja ya Nainokanoka. Lazima tutumie ufunguo uleule wa namba tuliofundishia mashine. Dume abaki moja popote alipo, hata akitajwa wa mwisho."

"Nainokanoka itumie namba za Karatu? Huo ni ubaguzi wa kata, Selestina."

"Na ndama hayumo kabisa kwenye ufunguo. Mnadani hapakuwa na ndama."

"Kama hayumo, hayupo."

"Wapo hamsini na wawili, bosi, na kesho watapungua. Tufungue nafasi ya sifuri, tuiite Nyingineyo. Chochote ambacho mashine haijawahi kukutana nacho kiingie humo, kisha daktari akitazame kwa macho yake."

"Kwa macho?" Bwana Nehemia aliangalia mlango kama umefungwa. "Mashine ilinunuliwa ili tuache kutumia macho! Na hilo neno Nyingineyo ni la kudhalilisha. Hakuna mwenye akili zake atakayekubali kuitwa hivyo."

Hata hivyo, kwa kuwa ni kiongozi msikivu, aliunda Kamati ya Kumtafutia Ndama Utambulisho. Waratibu saba walikaa siku mbili, wakabaini kwamba ndama ni maksai ambaye muda wake haujawadia, na hivyo jembe linamhusu. Ilipendekezwa uzinduzi wa mpango huo ufanyike Nainokanoka siku ya Alhamisi. Majembe yangekokotwa juu ya nyasi, kwa kuwa Nainokanoka iko hifadhini na kulima humo ni marufuku.

Alhamisi wakapanda juu wote, na mashine yao. Ndama walikuwa wamebaki arobaini na tisa. Bwana Nehemia aliagiza wahudhuriaji nao waandikwe kwa namba, kama mfano.

"Bosi, mashine ni ileile," alisema Selestina. "Inajua ng'ombe tu."

"Niandike wa kwanza."

Alimwandika wa kwanza. Waratibu wakafuata, wakapata mbili. Wananchi walikuwa wa mwisho, wakapata tatu. Mashine ikatoa karatasi yenye muhuri, na Selestina akaisoma kwenye kipaza sauti, maana ndiyo ratiba.

"Mratibu Mkuu ahasiwe. Waratibu wote wakamuliwe asubuhi na jioni. Wananchi wavute jembe."

Wananchi hawakushangaa sana.

Daktari Isaya alifungua begi lake, akatoa koleo la kuhasia. "Mimi ni mtumishi tu," alisema. "Agizo lina muhuri." Mzee Lesiamon akawaashiria vijana wanne wenye mikono ya kazi, nao wakasogea kwa adabu kumshika mheshimiwa.

"Kuna kosa!" alipiga kelele Bwana Nehemia, amerudi nyuma mpaka kwenye jembe. "Hiyo moja ni ya ng'ombe! Mimi ni moja ya wageni!"

"Kumbe ziko moja mbili?" aliuliza Mzee Lesiamon, akishangaa kweli. "Sisi hatukuambiwa."

"Selestina! Nitoe humo!"

Selestina aliuma mdomo asicheke. "Kwenye ufunguo wa Karatu mratibu hayumo, bosi. Asiyemo naweza kumweka mahali pamoja tu. Nahitaji kibali chako, kwa jina la mahali penyewe."

Bwana Nehemia akanong'ona kitu.

"Kwa sauti, mheshimiwa," alisema Isaya. "Ng'ombe wanapiga kelele."

"Nyingineyo! Mimi ni Nyingineyo! Wote tusiomo ni Nyingineyo!"

Alitia saini palepale, akiegemea mgongo wa mratibu mmoja. Selestina akarudisha ufunguo wa kwanza, akaingiza Nainokanoka yote upya. Majike yakawa ya kukamuliwa, madume yakaachiwa maziwa yao. Ndama arobaini na tisa na maofisa wanane wakaenda sifuri: kwa daktari, watazamwe kwa macho. Wananchi walijifuta wenyewe kwenye orodha, wakaenda kushika ndama.

Chanjo ilianza hapo hapo, na kila aliyechanjwa akavishwa hereni ya namba sikioni. Foleni ilikuwa moja, na ndama ndio waliowahi, kwa hiyo Bwana Nehemia alisimama wa hamsini, koti mkononi, ndama wa mwisho akimlamba kiwiko. Zamu yake ilipofika, Isaya alimfunua mdomo wa juu, akamtazama meno, akampapasa nyuma ya masikio.

"Huyu hana dalili," alimwambia Selestina, naye akaandika.

Mzee Lesiamon akachungulia ndani ya boksi la hereni za mifugo.

"Daktari," alisema, "zimebaki nane."