Wafa Apata Ishirini kwa Ishirini

Siku hiyo mjinga alikuwa Harith, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakwambia, "Nilikuwa mimi, tena wa kujitolea." Lakini asubuhi ile alifika kwenye benchi la Bi Mwanatumu muuza kahawa na mahamri, hapo mtaa wa Barani, akitembea kama bwana harusi, karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati, na kabla hajakaa akaagiza kahawa kwa wote.

Waliokuwapo wakatazamana. Harith muuza vipuri vya baiskeli, ambaye kijiweni wanamwita Profesa kwa kuwa shule aliiacha darasa la tano, si mtu wa kuwanunulia watu kahawa.

Kaingu seremala, jina la benchi Randa, alikuwa akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa mahamri yake.

"Sikizeni. Ati wazazi wanalalamika mitihani shuleni imezidi. Mtoto hajameza somo, ashapimwa."

"Waache wapimwe!" akadakia Kioko, dereva wa tuktuk, aitwaye Honi kwa sababu hanyamazi. "Sisi kwetu Machakos tulipimwa kila Ijumaa, na kiboko juu. Si mnaona nimekuwa mtu?"

"Matokeo bado twayangojea," akasema Bi Mwanatumu, huku akigeuza mahamri kwenye mafuta.

Harith akaona mlango wa kujisifu umefunguka. Akaitandaza karatasi yake benchini kama mtu anayetandika jamvi la wageni.

"Wanaolalamika ni wenye watoto wazito. Wangu huyu hapa. Wafa binti Harith, jaribio la kusoma, ishirini kwa ishirini!"

"Wafa?" Kaingu akaitoa kalamu sikioni. "Wafa huyu niliyemtuma vanishi wiki jana akaniletea gundi, na jina limeandikwa kubwa kama mlango?"

"Watu hubadilika, Randa."

"Kwa wiki moja? Hata embe haliivi hivyo." Kaingu akaivuta karatasi. "Na haya ya chini umeyasoma?"

"Hizo ni hongera. Mtu akipata ishirini, chini yake huandikwa nini, rambirambi?"

Kaingu akasoma kwa sauti, polepole, kama hakimu. "'Mzazi mpendwa. Jaribio hili si la kupasi wala kufeli. Ni la kutuonyesha mtoto anakwama wapi, ili anayekwama aingie darasa la bure la kusoma kila alasiri. Kwa kuwa Wafa hakukwama popote, hatutamwandikisha. Orodha inafungwa leo saa nane. Mwalimu Trizah.'"

Kahawa ikampalia Harith. Mwezi mzima alikuwa akimfuata Mwalimu Trizah mpaka langoni, amsaidie binti yake, kusoma kumemshinda. Msaada ndio huo, umekuja mpaka mlangoni, na yeye ndiye aliyeufukuza.

"Profesa," akasema Bi Mwanatumu, "umefanya nini?"

"Karatasi ya jaribio ni ile ile ya mwaka jana. Ayman wa jirani alikuwa nayo. Nikamfunza Wafa siku nne. Hadithi ya mbuzi na kisima ameihifadhi yote. Wallahi, hata ukimpa karatasi juu chini anaisoma vile vile, hakosi nukta."

Kioko alicheka mpaka akashuka benchini. "Yaani umepeleka damu ya jirani maabara! Sasa malaria yako nani ataitibu?"

"Honi, wewe nyamaza," Kaingu akamgeukia. "Nani alikwenda kwa wale madaktari wa macho wa bure kule Muyeye, akasimama foleni akihifadhi herufi wanazosoma wa mbele yake? Akazitaja zote, mpaka zile ndogo kama chawa. Akaambiwa macho mazima, nenda nyumbani. Wenzake wakapata miwani. Yeye wiki ile ile akaegesha tuktuk juu ya jiko la Kahaso muuza mahindi."

"Hiyo jiko ilikuwa barabarani!"

"Lilikuwa barazani kwake, Honi. Barazani!" Kisha akamshika Harith bega. "Msenangu, rafiki yangu, mimi hupima ubao kabla ya kukata, nijue wapi umepinda. Mteja naye huja kukilalia kitanda asikie kama kinalia. Vyote ni vipimo, lakini kazi zake mbalimbali. Wewe umeficha pale ubao ulipopinda, kisha unataka kitanda."

Harith akakunja karatasi, akaikunjua.

"Mimi mtihani niliujua wa namna moja tu. Ukikosa, unapelekwa benchi la nyuma, na ukitoka huko ushapewa jina. Sikutaka Wafa akae nilipokaa."

Kioko akamsogezea kikombe chake cha kahawa.

Mara Harith akaruka. "Nimepata! Naenda sasa hivi, mwalimu ampime upya. Na kabla ya saa nane nitakuwa nishamfunza Wafa majibu ya kukosea."

"Akose yote!" akasema Kioko.

"Yote ni aibu. Akose kumi na mbili. Akose, lakini kwa heshima."

"Kumi na mbili hayatoshi," Kaingu akasema, naye keshaingia mtegoni. "Akose kumi na tano, na matatu ya mwisho alie kidogo."

"La saba akohoe!"

"Na la kumi ajifanye..."

Bi Mwanatumu akalaza mwiko juu ya sinia, kwa kishindo, wote watatu wakamgeukia.

"Harith, nenda ukamwambie mwalimu kweli, na mtoto mwache aingie kwenye jaribio peke yake. Kukosa, Wafa hahitaji mwalimu wa kumfunza. Hilo ndilo somo pekee ambalo halijamkwamisha."