Uji Wangu, Sahani ya Jirani

Jumatatu, 4 Machi
Nimelazwa, sina ugonjwa. Nimejitolea kwenye utafiti. Nilisikia wanalisha. Daktari akaeleza: wengine watakula chakula kizito, wengine chepesi, wote kidonge kimoja cha kushusha presha. Kisha watapima tumbo linachukua muda gani kumwaga chakula, na dawa inafika lini kwenye damu. Mimi nimepangiwa uji. Mwepesi, unaona hadi chini ya bakuli. Jirani yangu wa kitanda, fundi cherehani mstaafu, wali, nyama ya kukaanga na mayai. Nimenuna.

Jumanne, 5 Machi
Fundi ana jino bovu, hawezi kutafuna nyama. Nesi alipogeuka tukabadilishana. Nikala nikashiba ndindindi. Tukameza vidonge.

Kisha daktari akanipitishia tumboni kile kifaa cha kupima wajawazito. Akarudia. Akamwita mwenzake. Wakakodolea skrini wote wawili. Wakasema uji umegoma kutoka, na dawa kwenye damu haionekani. Wakauliza kama kwetu kuna ugonjwa wa tumbo. Kesho wataniingiza bomba lenye kamera kooni, watazame kilichoziba. Ningesema ukweli, lakini wangenifukuza kabla ya chakula cha jioni.

Baadaye kidogo. Kishindo chooni. Fundi kaanguka! Presha imeshuka ghafla. Macho yamegeuka, midomo imepauka. Daktari kapiga magoti, anauliza imekuwaje, mtu aliyeshiba vile. Nikimuua mzee wa watu je?

“Daktari, alikunywa uji wangu,” nikasema. “Mimi nilikula chake.”

Hakunigombeza. Aliagiza dripu, akakaa naye mpaka midomo ikarudi rangi. Ndipo akanigeukia.

“Uji hauchelewi tumboni. Dawa ikapita nao, ikaingia yote kwa mpigo. Yako bado iko chini ya nyama. Hicho ndicho tunachopima, baba.”

Jumatano, 6 Machi
Nimefukuzwa. Fundi anaendelea vizuri, ila hataki kuniona. Mke wangu alikuja kunichukua, akawaomba radhi hadi wafagizi. Mimi hakunisemesha njia nzima. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa bomba.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeona tangazo la utafiti mwingine. Wanatafuta watu wasiopata usingizi. Mimi nalala kama gogo, lakini hilo ni jambo dogo: nitakunywa kahawa nzito kabla ya kwenda. Nimejaribu vikombe vitatu. Moyo unadunda hadi masikioni na kalamu inaruka. Nadhani ni baridi.